Hivi mtu anashindaje mbio za baiskeli za siku tano milimani bila kushinda hatua (mbio za siku moja) hata moja?

mfuatiliaji_mpya

Habari zenu wakuu, naomba kueleweshwa hili jambo maana kila nikilifikiria naona halijakaa sawa kichwani. Mimi nimeanza kufuatilia baiskeli za barabarani hivi karibuni tu, zile mbio kubwa za wiki tatu kama Tour de France kidogo naanza kuzishika, ila hizi fupi za siku tano, sita, wiki moja, zinazopigwa milimani ndo zinanichanganya.

Nilikuwa napitia matokeo ya nyuma ya Tour of the Alps, ile ya kila Aprili ambayo inazunguka Tirol ya Austria na upande wa Italia kule Trentino, nikafika mwaka 2022. Hatua ya kwanza kashinda Geoffrey Bouchard, ya pili Pello Bilbao, ya tatu Lennard Kämna, ya nne Miguel Ángel López, ya tano Thibaut Pinot. Hatua tano washindi watano. Naenda kuangalia bingwa wa jumla nakuta Romain Bardet, ambaye kwenye hao watano hayumo!!

Sasa najiuliza, kama unaweza kubeba taji bila kufika wa kwanza hata siku moja, kuna haja gani ya mtu kujiua kwenye mlima ashinde hatua? Na ukicheki tofauti zenyewe ni sekunde sekunde tu, mtu kapanda milima siku tano nzima anapishana na mwenzake sekunde 14, hizo sekunde zinapatikania wapi hasa? Alafu cha mwisho, nasikia hizi mbio watu wanazitumia kujiandaa na Giro d'Italia ya Mei, ile ya wiki tatu, je anayeshinda hapa ndo tumtarajie kule?

Anayejua anisaidie tafadhali, hata kwa kirefu nitasoma.

---

GiaYaMwisho

Swali zuri sana mkuu na huo mwaka uliouchagua ndo wenyewe.

Anza na hili: bingwa wa jumla ni yule ambaye ukijumlisha muda wake wa siku zote unakuwa mdogo kuliko wa wengine, basi. Nafasi aliyofika kila siku haiingii kwenye hesabu isipokuwa kwa njia ya bonasi, nitazieleza hapo chini. Kwahiyo unaweza kufika wa tatu leo, wa nne kesho, wa sita keshokutwa, na kila siku umefika na kundi la mbele, huku aliyeshinda leo kesho anapoteza dakika nzima. Ni kama ligi tu, timu inatwaa ubingwa hata kama siku ya mabao mengi zaidi ilikuwa ya timu nyingine.

Bardet 2022 alimaliza mbele ya Michael Storer kwa hizo sekunde 14, na wa tatu Thymen Arensman alikuwa sekunde 16 nyuma. Angalia hapo, kati ya wa pili na wa tatu ni sekunde 2! Kwenye mbio za wiki tatu ukipoteza sekunde 20 leo una milima mingine mingi mbele ya kuzitafuta, kwenye mbio za siku tano ukizipoteza siku ya tatu umebakiwa na siku mbili na kila mtu anakulinda. Ndo maana utaona majitu yanagombania vitu ambavyo kwa mtazamaji mpya vinaonekana vya kijinga.

Sekunde zinatoka wapi sasa. Kwanza bonasi, mara nyingi wa kwanza kwenye hatua anakatiwa sekunde 10 kwenye muda wake wa jumla, wa pili 6, wa tatu 4, na pale kwenye sprinti za katikati ya njia wanakatiwa 3, 2, 1. Jiulize zinaweza kuwa na maana gani, nakupa mfano ambao mimi hadi leo unaniuma. Paris-Nice 2017, mbio za wiki moja za Ufaransa, siku ya mwisho, Alberto Contador kachomoka mbali kabisa na Nice kwenye ile milima ya pembeni, kakimbia kama mtu mwenye deni, anafika mjini yuko mbele na David de la Cruz. De la Cruz anamshinda kwenye sprinti. Contador anakatiwa 6 badala ya 10. Msimamo wa jumla unatoka: Sergio Henao bingwa, Contador wa pili kwa sekunde 2. Piga hesabu mwenyewe, zile nne alizozikosa kwenye mstari ndo zingempa taji. Na mwaka mmoja kabla, 2016, huyohuyo Contador alikosa Paris-Nice kwa sekunde 4, akashinda Geraint Thomas.

Pili ni mianya. Watu wakifika kwa kundi wote wanapewa muda mmoja, lakini kwenye hatua za milima kundi likikatika, yaani nyuma ya gurudumu la mtu kukawa na mwanya wa sekunde moja hivi kabla ya gurudumu la anayemfuata, makamisaa (waamuzi wa mbio) wanawahesabu kama makundi mawili, na wa nyuma wote wanabebeshwa muda wa yule wa kwanza wa kundi lao. Kwahiyo wewe unaweza kuwa una miguu mizuri tu ila umekaa nyuma ya mtu aliyechoka, yeye kaachia mwanya mita 400 kabla ya mstari, tayari umeshapigwa sekunde 4 au 5 bila kosa lolote la mapafu yako. Ukiona kiongozi wa timu anasukumana kugombea nafasi kwenye kona ya mwisho kabla ya kupanda, anakimbia hiyo hali.

Kwahiyo sekunde 14 za Bardet sio kitu kidogo hata kidogo.

---

LamiNyeusi

GiaYaMwisho uko sahihi kwenye hesabu ila mimi naona umekwepa kilichoamua 2022 yenyewe. Haikuamuliwa na bonasi wala mianya ya mstarini, iliamuliwa siku ya mwisho njiani, na iliamuliwa na timu.

Mfuatiliaji, fungua tena matokeo. Bilbao alivaa jezi ya kiongozi baada ya siku ya pili akaishikilia hadi asubuhi ya siku ya tano. Watu wanaiona jezi kama zawadi, kwenye mbio fupi za milimani ni mzigo kabisa, maana ukiwa nayo timu yako ndo inatakiwa kuvuta kundi. Mtoro akichomoka wote wanakugeukia wewe, ni kazi ya watu wako kumrudisha. Na timu zenyewe huko ni watu saba tu sio wanane kama wiki tatu, mmoja akiugua mmoja akianguka umebaki na watano, hao watano wakivuta siku tatu mfululizo kwenye milima ya Alps, siku ya mwisho miguu imekufa.

Hatua ya mwisho mwaka ule ilianzia Lienz ikarudi Lienz, fupi, kama kilomita 114 hivi, na katikati ya hizo kuna mlima wa Stronach ambao ni mwinuko mkali hasa. Kuna watu wanadhani hatua fupi ni nyepesi, ni kinyume chake jamani. Hatua ndefu ya kilomita 190 kila mtu anaogopa kumaliza mafuta mapema, kwahiyo kuna utulivu. Hatua ya kilomita 114 hakuna wa kuogopa, wanaanza kupigana kilomita ya kwanza. Timu ya kiongozi haina muda wa kupumua wala kupanga. Bilbao akabaki bila wasaidizi wa kutosha, kina Bardet wakamtoka, jezi ikaenda.

Na ona majina tena: Bardet wa kwanza, Arensman wa tatu, hao ni timu moja, DSM. Storer katikati yao wawili. Ukiwa Storer hapo unafanya nini? Ukimkimbiza mmoja mwingine amekaa nyuma ya gurudumu lako anapumzika. Mtu wa pili kwenye timu moja akiwa juu kwenye msimamo ana thamani kuliko sprinti yoyote ya bonasi.

Halafu hili la kusema "kuna haja gani kushinda hatua" naomba usiliseme tena mkuu, kwa upendo tu. Huyo Pinot aliyeshinda Lienz alikuwa hajashinda mbio yoyote tangu Julai 2019 alipochukua hatua ya Tourmalet kwenye Tour de France. Karibu miaka mitatu, mgongo, kuanguka, maneno ya watu. Jana yake pale Kals kwenye miguu ya Großglockner alipitwa na López mwishoni kabisa akalia mbele ya kamera. Kesho yake akashinda. Taji la jumla ni la mtu mmoja, lakini kuna watu zaidi ya mia wanaanza mbio na kila mmoja ana lake alilolifuata, wengine mkataba wao wa mwaka unaokuja unategemea hatua moja tu.

---

mfuatiliaji_mpya

Dah dada LamiNyeusi nimekupata vizuri, hilo la Pinot sikulijua, nimeenda kuangalia picha zake za siku ile aisee inagusa sana. GiaYaMwisho shukrani, hilo la kubebeshwa muda wa mtu mwingine sababu kaachia mwanya ni jipya kabisa kwangu.

Sasa nina swali lingine hapohapo. Kama timu inavuta na kila mtu anajificha nyuma ya mwenzake apumzike upepo, mbona kwenye mlima mkali naona kundi linasambaratika dakika tano tu? Kujificha kunaishia wapi?

---

Mzee wa Pedali

Kijana hapo umegusa kiini chenyewe, ngoja nichangie.

Faida ya kujificha inatokana na upepo, na upepo unategemea spidi. Kwenye tambarare wako 45 au 50 kwa saa, aliye nyuma anatumia nguvu kidogo sana kuliko aliye mbele, hata asiye na uwezo mkubwa anaweza kukaa humo ndani akafika. Barabara ikianza kusimama, asilimia 10, 12, spidi inashuka hadi 16, 18, upepo hauna kazi tena pale, kinachobaki ni uzito wako na wa baiskeli dhidi ya wati, yaani nguvu, unazotoa. Hapo kila mtu anabeba msalaba wake. Kukaa nyuma ya gurudumu kunakusaidia kidogo tu na zaidi ni kichwani, kwamba una mtu wa kumfuata. Ndo maana wanaopanda mlima vizuri wanasubiri sehemu ile kali zaidi ndo wanachomoka, wakichomoka kwenye asilimia 4 kundi linawarudisha, wakichomoka kwenye asilimia 12 anayebaki kabaki.

Lakini watu wote mnaongelea kupanda, hakuna aliyeongelea kushuka, na mbio za milimani za mwezi wa nne kushuka ndo kunawamaliza wengi. Kule Alps Aprili unaweza kukuta bondeni maua yamechanua na juu pembeni ya barabara kuna theluji. Mtu anapanda nusu saa, jezi zipu wazi, jasho linamtiririka mgongoni, anafika kileleni nyuzi joto mbili tatu, halafu anaanza kushuka 80 kwa saa na lile jasho. Kwa dakika kumi na tano hachezeshi miguu. Akifika chini mapaja yameganda, vidole havina hisia, anataka kubadilisha gia hajui kama amebonyeza au hajabonyeza, breki anavuta kwa kiganja kizima. Na hapohapo mlima mwingine unaanza na mtu aliyevaa vizuri anashambulia.

Ndo maana angalia sana kilomita ya mwisho kabla ya kilele. Utaona wasaidizi wa timu wamesimama kando wameshika chupa na majaketi mepesi, na zamani ilikuwa gazeti, mwanariadha analipokea kwa mkono mmoja analichomeka ndani ya jezi kifuani lizuie upepo. Wengine hadi leo wanafanya hivyo. Sasa kuvaa jaketi huku unaendesha sio mchezo, unaachia usukani mikono yote miwili kwenye mlima, mkono wa kushoto umeingia, wa kulia umegoma, upepo unalipeperusha, na ndani ya hizo sekunde nane kundi limekuacha mita 30. Wapo waliokataa kuvaa ili wasiachwe wakaja kulipa kilomita 40 baadaye.

Kula ni hivyohivyo. Siku hizi wanakula gramu 90 za wanga kwa saa, wengine hadi 120, na baridi inakuondolea hamu, mfuko wa jeli unataka kuufungua na vidole vimekufa, unaahirisha, unaahirisha tena. Mtu akizimika kwenye mlima wa mwisho watangazaji watasema hakuwa na miguu leo, mara nyingi tatizo lilianza saa moja na nusu nyuma alipoacha kula.

Mimi naendesha milimani mwenyewe kwa kujifurahisha tu na ninachowaambia vijana ni kwamba anayeshinda mbio za wiki moja za milimani mara nyingi ni yule ambaye hakuwa na saa moja mbaya. Bardet mwaka ule hakuwa nayo. Hilo ndo jibu langu kwa swali lako la kwanza.

---

kwa_mutwe

Naomba niongeze na ya kwetu huku maana tusijadili Alps tu wakati tuna milima. Tour du Rwanda, kila Februari, siku nane hivi, na tangu 2019 imepandishwa daraja timu kubwa za Ulaya zinakuja. Mwaka huohuo wa 2019 alishinda Merhawi Kudus wa Eritrea akiwa na timu ya Astana, Natnael Tesfatsion naye wa Eritrea akachukua 2020 na 2022, Henok Mulubrhan akachukua 2023 kwa tofauti ya sekunde chache tu.

Haya yote mliyosema yapo ila yana sura tofauti. Milima yetu sio mirefu kama ya Alps, si kawaida kupanda kilomita 15 mfululizo ukitazama chini unaona mawingu, mingi ni mifupi, unashuka, unapanda, unashuka, hakuna pa kupumzikia. Na hewa nayo ni nyepesi, Kigali yenyewe iko kama mita 1,500 hivyo mtu aliyetoka usawa wa bahari siku mbili za mwanzo anashangaa mapafu hayajai. Timu nazo zinakuja na watu wachache kuliko wale saba wa Ulaya, kwahiyo yale aliyosema LamiNyeusi ya timu kuvuta kulinda jezi huku ni magumu zaidi, kiongozi anajikuta peke yake mapema.

Mtu akitaka kuona kundi likisambaratika aangalie pale Nyamirambo, Mur de Kigali, sisi tunapaita kwa Mutwe. Ni kama mita 400 tu lakini ni mawe, mwinuko mkali, na watu wamejaa pande zote hadi unashangaa baiskeli zinapita wapi. Ukisimama kwenye pedali gurudumu la nyuma linateleza kwenye mawe, ukikaa kitini gurudumu la mbele linanyanyuka. Yule aliyeingia wa ishirini hata akiwa na nguvu hawezi kupita, anasubiri aliye mbele yake, na akisubiri tayari mwanya umeshafunguka. Kile alichosema GiaYaMwisho kuhusu nafasi kabla ya kupanda, pale unakiona kwa macho.

Na kuhusu hatua kuwa na maana, 2022 siku ya mwisho Kigali alishinda Moise Mugisha wetu. Jumla ilikuwa ya Tesfatsion, hilo linajulikana, lakini tangu mbio zipandishwe daraja hapakuwa na Mnyarwanda aliyeshinda hatua hadi siku ile. Watu walilia barabarani. Mwambie mtu wa Kigali kwamba hatua haina maana kama taji la jumla hana.

---

mfuatiliaji_mpya

Aisee huu uzi umekuwa darasa, asanteni sana, na ya Mugisha naenda kuitafuta video sasa hivi. Limebaki lile la Giro tu, bingwa wa Tour of the Alps tumtarajie Mei au ni vitu viwili tofauti?

---

GiaYaMwisho

Nilikusahau hapo kweli, na LamiNyeusi la siku ya mwisho nakubaliana nalo, hoja imekaa.

Imewahi kutokea. Wakati huo mbio zilikuwa zinaitwa Giro del Trentino, jina la Tour of the Alps limekuja 2017. Damiano Cunego 2004 alichukua Trentino akaenda akachukua na Giro yenyewe, Vincenzo Nibali 2013 akafanya hivyohivyo. Kwahiyo mtu aliye vizuri Aprili mwishoni anaweza kabisa kuwa vizuri Mei.

Ila wiki tatu zina mambo yake. Huyo Bardet wetu wa 2022 alienda Giro akiwa kwenye hali nzuri sana, akaugua tumbo akajitoa katikati ya mbio. Tao Geoghegan Hart 2023 alishinda Tour of the Alps na hatua mbili za mwanzo juu yake, Giro akawa yuko palepale na wanaogombea, hatua ya 11 akaanguka akavunjika nyonga. Miguu ya Aprili ilikuwa sahihi kwa wote wawili, kilichowatoa ni tumbo na lami.

Kitu kingine cha kuangalia ni kama mbio zina hatua ya kukimbia dhidi ya saa, yaani kila mtu anaanza peke yake, au hazina. Tour of the Alps 2022 haikuwa nayo, zote tano ni za barabarani, kwahiyo mpanda milima mwepesi hana pa kuadhibiwa. Nenda Tour de Romandie ya mwaka huohuo, wiki iliyofuata tu, siku ya mwisho ilikuwa dhidi ya saa kupanda mlima kutoka Aigle hadi Villars, Rohan Dennis anaanza na jezi, Aleksandr Vlasov anashinda hatua na kumvua jezi palepale. Hapo hakuna timu wala gurudumu la kujificha, na hutapata bingwa ambaye alikuwa anafika wa nne wa tano kimyakimya.

---

LamiNyeusi

Naongezea hapo kwa GiaYaMwisho. Ukimaliza kuangalia ya 2022 nenda moja kwa moja 2025. Storer, yuleyule aliyekosa kwa sekunde 14, alirudi akiwa na timu ya Tudor akachomoka siku ya pili tu, akashinda hatua na akachukua taji la jumla. Wa pili nani? Arensman, aliyekuwa wa tatu 2022, safari hii wakiwa timu tofauti. Anza na hiyo hatua ya pili mkuu, tazama pale anapowaacha wenzake kwenye kupanda, utaona mtu ambaye hakutaka kusubiri siku ya mwisho tena.